Kusafisha na kukinga paa la turubai la gari hapa Goma

Magari ya paa la turubai si mengi Goma, lakini yapo. Kuna Suzuki Samurai na Vitara za zamani zinazopanda mawe ya Majengo na Ndosho bila shida, kuna Jeep Wrangler chache, na kuna zile Mercedes na Golf za kufunguka juu ambazo Jumamosi huongoza msafara wa arusi, honi zikilia hadi Himbi. Wenye magari haya wana kilio kimoja: turubai limegeuka kijivu, mishono inavuja, na dirisha la nyuma halionyeshi kitu. Ukiwauliza wanalisafishaje, watakuambia ni kama bati la gari: sabuni ya unga, brashi ngumu, maji ya presha, basi. Turubai haliozi lenyewe, linauawa hapo.

Adui mkubwa kwetu ni vumbi. Ardhi ya Goma ni lava, na vumbi la barabara zetu ni lava iliyosagwa na magurudumu. Mwezi wa Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ilirudi ikasimama upande wa Buhene. Juu ya hayo, Nyamulagira nayo ina siku zake za kutupa majivu. Majivu ya volkeno hayafanani na ya makaa jikoni. Ni chembe za kioo na madini zenye ncha kali, haziyeyuki majini, na zina ugumu wa kukwaruza hata rangi ya gari. Ukizisugua zikiwa kwenye turubai unazisukuma katikati ya nyuzi, na kila ukikunja paa zinakata uzi mmoja, kesho mwingine. Kwa hiyo kazi hii inashika kanuni moja: toa chembe kabla ya kuleta sabuni na brashi, na usikunje paa ambalo bado lina chembe.

Adui wa pili ni jua. Watu hawalihofu kwa sababu hewa ya ziwani ni baridi, lakini tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta. Miale ya jua inayochubua rangi na kukausha plastiki huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Turubai la gari linaloshinda nje pale Katindo linaungua hata siku ambayo wewe umevaa koti.

Kwanza ujue una turubai gani

Yapo ya aina mbili, na dawa ya moja inaharibu nyingine.

Turubai la vinili ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Ndilo la Samurai na Vitara nyingi. Ukilitazama kwa karibu lina michoro kama ya ngozi, ukilipitishia kidole ni laini, na tone la maji linakaa juu au linateleza.

Turubai la kitambaa limefumwa kwa nyuzi, mara nyingi za akriliki. Unaona mfumo wa nyuzi zikipishana, na nyuzi za nguo zinanasa juu yake. Yale ya magari ya Ulaya kwa kawaida yana tabaka tatu: kitambaa juu, mpira katikati, na kitambaa cha ndani. Ule mpira wa katikati ndio unaozuia mvua isikufikie kichwani. Kitambaa cha juu kazi yake ni kuukinga mpira huo na jua na kumwaga maji kabla hayajatulia. Ndiyo sababu kitambaa kikianza kunywa maji huoni kuvuja siku hiyohiyo. Kitambaa kinabaki kibichi, kinaota ukungu, mishono inadhoofika, halafu siku moja ya mvua ya Novemba kiti kimelowa.

Kama huna uhakika, tafuta kona iliyofichika na uweke tone la maji kwa dakika chache. Vinili haliwezi kunywa. Kitambaa kilichochoka kinakunywa na kuacha doa jeusi la unyevu.

Maji, na hapa tuna tatizo letu

Tunaishi kando ya ziwa kubwa na bado tunahesabu mabido (madumu ya maji). Kwa kazi hii tenga mabido manne au matano ya lita 20, na ukichota moja kwa moja ziwani jua unachochota: maji ya Kivu yana madini mengi. Yanafaa kulowesha na kuondoa tope la mwanzo, lakini yakikauka juu ya turubai jeusi yanaacha alama nyeupe, na sabuni haitoki vizuri. Suuzo la mwisho lifanywe kwa maji ya mvua kutoka tangini. Yaache yatulie kwenye bido kwanza, kwa sababu yale yaliyoteremka kwenye bati huja na majivu chini. Mimina ya juu, ya chini mwagia maua.

Kupeleka gari ufukweni na kuoshea mlemle majini hapana. Mafuta ya gari yanaingia kwenye maji ambayo jirani yako anayanywa.

Vifaa

Brashi laini ya nywele, kama ile ya kung'arisha viatu lakini kubwa na safi. Mashine ya kuvuta vumbi ukiipata, au hewa ya kompresa ya kwado (fundi wa matairi). Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kuoshea brashi. Vitambaa vya mikrofaiba au vikwembe vizee vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi. Shampuu ya watoto wachanga. Siki nyeupe. Plastiki na skochi ya kuficha vioo na rangi siku ya kupuliza kinga.

Visivyotakiwa ni muhimu zaidi. Sabuni ya unga ni kali, inang'oa kinga ya maji na kubaki ndani ya nyuzi. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) inachoma uzi wa mishono na mipira ya milango, hata kama rangi ya kitambaa itaivumilia. Petroli inayeyusha gundi. Na mazutu (dizeli), ambayo kuna mafundi wanaipaka kwenye vinili ili ing'ae: inang'aa kweli kwa siku mbili, huku plastiki inapoteza ulaini wake na vumbi lote la barabara ya Sake linanasa juu yake.

Chagua siku

Usafishaji mkubwa ufanye mara mbili kwa mwaka, wakati wa ukavu: Juni hadi Agosti, kisha Januari au Februari mvua zinapopumzika. Katikati ya hapo kuosha kwa maji matupu kunatosha. Anza asubuhi, saa moja na nusu au saa mbili, gari likiwa kivulini na turubai likiwa baridi. Ukiosha juani sabuni inakauka kabla ya kuisuuza. Asubuhi ina faida nyingine: mvua ya Goma hupenda mchana, na wewe unahitaji saa nyingi za kukausha.

Hatua ya kwanza: toa vumbi kavu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Funga paa vizuri, ufunge na vioo. Jifunge kitambaa puani. Ingia ndani ya gari, na kwa kiganja upige-pige turubai kutoka chini kwenda juu, taratibu, sehemu kwa sehemu. Chembe zilizolala katikati ya nyuzi zinaruka. Kwenye magari yenye bitana nene ya ndani kupiga hakusaidii sana, hapo tegemea mashine.

Kisha toka nje, vuta vumbi kwa mashine yenye mdomo wa brashi bila kukandamiza. Ukitumia hewa ya kwado, simama mbali kidogo na upulize kwa mlalo, vumbi lielekee nje ya gari. Ukipuliza wima unalizamisha. Shughulikia mishono na mikunjo kwa muda mrefu kuliko mahali pa wazi, maana chembe hujificha huko.

Ukiwa kwenye lavaji, vijana watakuwa wameshika ndoo kabla hujazima injini. "Papa, tupige sabuni?" Jibu ni, "Subirini wanangu, kwanza tutoe vumbi." Watakucheka. Waache wacheke, lakini brashi yao ya mazulia isipande juu.

Hatua ya pili: lowesha

Mimina maji kutoka juu, polepole, kuanzia katikati ya paa kwenda pembeni, mpaka yanayoteremka yawe meupe. Mashine ya presha iache. Inachana nyuzi, inafungua mishono na kusukuma maji chini ya mipira. Kama hakuna njia nyingine, tumia mdomo mpana, presha ya chini, na usisogee karibu zaidi ya nusu mita.

Hatua ya tatu: sabuni

Weka vifuniko viwili vya shampuu ya watoto kwenye ndoo ya lita kumi. Gawa paa katika vipande vinne na umalize kimoja kabla ya kuingia kingine. Sugua kwa kufuata nyuzi, mbele kwenda nyuma, mistari iliyonyooka. Kuzungusha-zungusha kunainua manyoya ya kitambaa, na baada ya mwaka paa linakuwa na mabaka. Kila mipapaso michache, chovya brashi kwenye ndoo ya pili. Utaona chini ya ndoo mchanga mweusi unajikusanya, na mchanga ule ungekuwa sasa unasaga turubai lako.

Povu likiwa la kijivu, suuza na urudie. Mara mbili kwa mkono mwepesi ni bora kuliko mara moja kwa nguvu. Kwa vinili kazi ni fupi zaidi: sabuni ileile, brashi laini kwa ajili ya michoro, umemaliza.

Madoa yana mambo yake. Kinyesi cha mwewe na kunguru wa huku ziwani kina tindikali, kwa hiyo kisilale juu ya turubai. Weka kitambaa kibichi juu yake kwa dakika kumi, kilainike, kisha kiinue. Usikikwangue. Utomvu wa miti subiri ukauke uwe mgumu, uuvunje kwa vidole, halafu sabuni. Ukijani unaoota kwenye mishono ya magari yanayolala chini ya miparachichi ni viumbe hai: changanya siki kipimo kimoja na maji vinne, paka, ngoja robo saa, sugua kidogo, suuza sana. Doa la mafuta kwenye kitambaa lifunike kwa poda ya watoto usiku kucha, asubuhi vuta poda kwa mashine. Litapungua. Kuisha kabisa ni bahati.

Hatua ya nne: suuza mpaka povu liishe

Hapa mabido mawili ya maji ya mvua yanaondoka. Bonyeza turubai kwa kiganja. Kikitoka kipovu hata kidogo, endelea. Sabuni iliyobaki inavuta maji na uchafu, na inazuia kinga isishike.

Dirisha la nyuma la plastiki

Kama la gari lako ni kioo, ruka sehemu hii. Kama ni plastiki, hakuna kitu kwenye gari zima kinachoharibika upesi kuliko hicho, na chembe za lava ndizo zinazolitia ukungu ule mweupe: ni mikwaruzo maelfu. Usilipanguse likiwa kavu, hata kwa kitambaa laini, hata kwa mkono wa shati ukiwa na haraka. Limwagie maji mengi, kisha pitisha kiganja chako kitupu chenye sabuni, juu kwenda chini. Kiganja kinahisi chembe, kitambaa hakihisi. Suuza, halafu kausha kwa kugandamiza kitambaa na kukiinua, bila kuvuta. Dawa za vioo zenye amonia zinaifanya plastiki iwe ya maziwa. Karatasi na gazeti zinakwaruza.

Ukifungua paa, weka kikwembe safi kati ya mikunjo ya dirisha. Na asubuhi ya baridi usilikunje kabla gari halijapata jua kidogo, kwa sababu plastiki baridi inapasuka kwenye kunjo.

Hatua ya tano: kausha kweli

Nyonya maji kwa mikrofaiba, kisha liache paa likiwa limefungwa mahali penye upepo. Vinili hukauka ndani ya saa chache. Kitambaa kinaweza kudanganya: juu ni kikavu, mishono bado ina maji. Shika mshono kwa vidole viwili uubane. Ukihisi ubaridi, bado. Kukunja turubai bichi ni kupanda ukungu, na harufu yake haitoki.

Hatua ya sita: kinga

Kabla ya kununua chochote, mwagia kikombe cha maji juu ya turubai safi na kavu. Yakijikusanya kuwa shanga na kuteleza, kinga ya zamani inafanya kazi, weka pesa zako. Yakisambaa na kuzama, ni wakati.

Kwa kitambaa tafuta dawa ya kupulizia ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa vitambaa vya nje, mahema au mapaa ya magari. Bidhaa kama 303 Fabric Guard na RaggTopp zinajulikana kwa kazi hii, lakini dawa ya kitambaa si dawa ya vinili, kwa hiyo soma chupa vizuri. Ukikosa ya magari pale Birere, ya mahema ni mbadala wa heshima. Ikiandikwa silikoni, fikiria mara mbili: inazuia maji haraka lakini inaacha utando unaonasa vumbi, na vumbi letu tumeshalizungumza.

Funika vioo na rangi ya gari kwa plastiki na skochi, maana matone ya kinga yakikaukia kwenye kioo yanasumbua kutoka. Puliza kwa umbali wa shibiri moja, nyevu nyepesi, mistari inayopandana. Ngoja kikauke, kisha pita tena. Mipako miwili myembamba inashinda mmoja mzito. Ongeza kidogo kwenye mishono.

Dawa nyingi za aina hii zinataka joto la nyuzi 20 hivi au zaidi, na saa 6 hadi 12 bila maji, ndipo zishike. Usiku wa Goma hushuka chini ya hapo. Kwa hiyo usipulize saa kumi jioni ukitegemea usiku. Osha siku moja, acha likauke, puliza kesho yake saa tatu asubuhi jua likiwa limeanza kupasha, na gari lisitoke siku hiyo.

Kwa vinili unahitaji kinga ya jua yenye msingi wa maji. Paka kidogo kwa kitambaa, sambaza, pangusa ziada yote. Ikibaki inateleza, umepaka nyingi. Rudia kila baada ya mwezi mmoja au miwili.

Mipira, vyuma na mifereji

Magari mengi ya kufunguka juu yana mifereji midogo nyuma, kwenye pembe ambako turubai linakutana na bodi. Majivu na majani yanaiziba, maji yanarudi ndani, na mwenye gari analaumu turubai ambalo halina kosa. Fungua paa nusu, tafuta vitundu hivyo, safisha kwa kidole, kisha mimina kikombe cha maji polepole na utazame kama yanatoka chini ya gari. Yasipotoka, pitisha uzi mnene wa nailoni, usitumie waya, kwa sababu bomba la ndani ni la mpira na linatoboka.

Mipira ya milango ipanguse na upake grisi ya silikoni kidogo sana. Viungo vya vyuma vya paa tone moja la mafuta kila kimoja, na ziada uifute.

Siku ya majivu

Mlima ukitupa majivu na gari lilikuwa nje, usiliguse hivihivi. Paa libaki limefungwa, wiper zisiwashwe kavu. Likiwa bado kavu, rudia hatua ya kwanza. Mvua ikiwa imeshaanza, ni heri uongeze maji mengi mara moja, kwa sababu majivu mabichi yakikauka yanashikamana, na mvua inayopita kwenye moshi wa volkeno hubeba tindikali. Gari la kudumu nje linafaa kuwa na kibanda cha bati. Kifuniko cha kuvalisha gari kinasaidia tu kama gari lilikuwa safi kabla hujalivalisha. Juu ya vumbi, upepo unakigeuza kuwa msasa.

Mshono ukifunguka

Mshono uliofunguka unashonwa, na mafundi wa viti wanaweza. Sharti uzi uwe wa poliesta mnene wa kazi za nje, si wa pamba, na sindano ipite kwenye matundu ya zamani, maana kila tundu jipya ni mlango wa mvua. Ukimaliza paka gundi ya kuzibia mishono upande wa ndani. Mpasuko mdogo katikati ya paa unabebwa na kiraka cha kitambaa cha aina ileile kilichowekwa kutoka chini. Lakini ukiinua macho ukiwa ndani, mchana, ukaona nukta za mwanga, mpira wa kati umekwisha. Hapo acha kununua dawa. Pima turubai, andika mwaka na aina ya gari, uulize bei ya jipya.